Bi Rufaa na Bega la Mtoto

Imetangazwa rasmi kwamba mhudumu bora wa afya ni yule asiyekosea, kwamba kosa likishatendeka halifutiki, na kwamba kila kituo kinapaswa kulenga Kosa Sifuri. Tangazo limetiwa kwenye fremu na kutundikwa mkabala na mlango, ili hata anayeingizwa kwa machela apate kulisoma. Chini yake pana mhuri wa Idara, na chini ya mhuri pana sahihi ya mkubwa mmoja ambaye, kwa kuwa hajawahi kumgusa mgonjwa, ana haki kamili ya kulisemea jambo hilo.

Aliyelitii tangazo hilo kuliko wote alikuwa mkunga wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni isije ikaanguka na viatu vya soli ya mpira asije akateleza. Nyumba yake ilikuwa na kufuli mbili. Alizifunga, akazivuta kuhakikisha, akafika njia panda, akarudi kuzivuta tena. Mumewe, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, aliwahi kumwambia kwamba mwizi siku akija atamkuta bado mlangoni, wasaidiane kufunga.

Watu walimwita Bi Rufaa. Mjamzito akivimba miguu kidogo, rufaa: aende hospitali kuu, ng'ambo ya mto. Mtoto akikaa vibaya tumboni, rufaa. Mtoto akikaa vizuri lakini mama yake akionekana ana mawazo, rufaa vilevile. Mlinzi wa getini, ambaye kazi yake ilimpa nafasi kubwa ya kutafakari, alisema, "Yule ukimuuliza saa, anakuandikia rufaa kwa mwenye saa."

Kwa hiyo miaka ilipita na hakukosea. Waliojaliwa kuzaa kwa wepesi walizaa mikononi mwake, na ni vigumu kumkosea mtoto anayekuja mwenyewe. Waliobaki walipandishwa gari.

Yaliyowapata garini yalikuwa habari nyingine. Mmoja alijifungulia kwenye kiti cha nyuma, dereva akiwa ametazama mbele kwa heshima. Mwingine, mwanamke mrefu aliyevaa kilemba cha rangi ya machungwa, hakuonekana tena, yeye wala mtoto. Msiba ule haukuwa wa kituo, kwa sababu alikwishaondoka, wala haukuwa wa hospitali kuu, kwa sababu hakuwa amefika. Ulikuwa wa barabara, na barabara haina mkuu wa kituo. Bi Rufaa aliulizia habari za kilemba kile mara moja tu, akajibiwa, "Wewe ulimwandikia rufaa mapema, huna kosa." Jibu hilo lilikusudiwa kumfariji. Tangu hapo, akiona kitambaa cha rangi ile sokoni, alivuka akapita upande wa pili.

Woga huu hakuzaliwa nao. Alipokuwa kijana, katika hospitali kubwa alikoanzia kazi, alifundishwa na mkunga aliyeitwa Mikono, mama mnene, mcheshi, aliyeweza kumgeuza mtoto tumboni huku akisimulia ugomvi wake na jirani kuhusu kuku. Uzazi uliowashinda wengine ulipelekwa kwake. Hakukataa hata mmoja. Na kama ilivyo kawaida, anayebeba mitungi yote ndiye anayevunja mtungi. Siku ulipovunjika, Mikono alisimamishwa mbele ya wafanyakazi wote, kosa lake likasomwa kwa sauti, kisha akahamishiwa stoo kugawa glovu. Bi Rufaa alikuwa mstari wa mbele. Alichoondoka nacho siku ile hakikuwa somo la ukunga. Aliona kwamba wale waliokuwa wamesimama nyuma, mikono mfukoni, hawakusomewa kitu.

Basi akajifunza kusimama nyuma. Alifanya hivyo kwa bidii, na Idara ikamletea cheti.

Mvua iliyoharibu mambo ilianza alfajiri na kufikia mchana ilikuwa haijapumzika. Mganga mkuu wa kituo alikuwa ng'ambo ya mto, kwenye semina ya Kosa Sifuri. Kituoni walikuwepo Bi Rufaa, mfagizi na mlinzi. Ndipo ukaingia mkokoteni umefunikwa turubai, na chini ya turubai alikuwapo mke wa seremala, uchungu umepamba moto, na mama mkwe wake ameshika mwavuli uliokuwa na mbavu nyingi kuliko kitambaa.

Bi Rufaa alimpima tumbo kwa utepe. Utepe ulipita pale ulipopaswa kuishia, ukaendelea. Akaandika rufaa kabla yule mwanamke hajapanda kitanda, kisha akampigia simu dereva wa gari la wagonjwa.

"Daraja halipo," dereva akasema.

"Halipo vipi?"

"Yaani lipo, ila mto unapita juu yake."

"Sasa utafika saa ngapi?"

"Uulize mto, dada."

Alipiga tena. Akapiga hospitali kuu, wakamshauri amlete mgonjwa. Akarudi mezani, akaichukua ile rufaa, akaongeza neno "HARAKA" na kulipigia mstari chini. Mama mkwe alikuwa akimtazama.

"Mwanangu," akasema, "hiyo karatasi unamwandikia nani? Samaki?"

Bi Rufaa akaiweka kalamu chini, ikabingirika, ikaanguka, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakuinama kuiokota.

Kutoka kitandani ikasikika sauti. "Nesi! Anakuja!"

Kichwa kilitoka vizuri. Kilikuwa kikubwa, chenye nywele nyingi, na kwa kitambo kifupi mno Bi Rufaa alidhani kwamba Mungu amemhurumia. Kisha kichwa kikarudi nyuma na kujibana, kama cha kobe aliyeona watu. Mashavu yakajaa. Rangi ikaanza kugeuka, kwanza kama zambarau inayokaribia kuiva, kisha kama iliyoiva.

Alilijua jambo hilo. Bega la mtoto limekwama nyuma ya mfupa wa kinena cha mama, na mtoto aliyekwama hivyo hana muda wa kusubiri mto upungue. Alilijua kwa jina lake na kwa kurasa zake, na alikuwa amelikimbia maisha yake yote. Sasa lilikuwa limemfuata mpaka kazini.

Alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa ukuta, na kupitia mlango uliokuwa wazi akaliona tangazo. Akili yake, ambayo mpaka hapo ilikuwa imekataa kufanya kazi yoyote, ikamfanyia hesabu hii moja kwa usahihi wa kutisha: hana kosa. Rufaa imeandikwa. Simu imepigwa. Mto ni shahidi. Akibaki pale pale ukutani, mikono ikiwa safi, mtoto atakufa na hakuna atakayesomewa kitu. Msiba utakuwa wa daraja.

Mke wa seremala aliinua kichwa. Jasho lilikuwa limemlowesha uso mzima.

"Nesi, mbona uko huko? Unaogopa?"

Lilikuwa swali ambalo halikuwemo katika mafunzo. "Ndiyo," Bi Rufaa akasema.

"Na mimi naogopa. Haya, njoo tufanye."

Akaenda. Sijui namna ya kulieleza hili vizuri zaidi, na waliokuwepo nao hawajui. Hawakuona ujasiri wowote, kwani meno yake yalisikika yakigongana. Waliona mtu anayetetemeka akitoka ukutani na kwenda kitandani.

Na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kosa. Alikishika kichwa akakivuta. Mara akasikia ndani ya kichwa chake sauti ya Mikono, kama alivyozoea kuwapigia kelele wanafunzi walipofanya mazoezi kwa mdoli wa kitambaa: "Usivute! Hiyo si karoti!" Akaachia.

"Magoti!" akapiga kelele. "Mama, shika goti hilo. Wewe shika hili. Juu, mpaka kifuani! Zaidi!"

Mama mkwe akashika, mfagizi akashika. Bega halikusogea.

"Bonyeza tumbo!" akamwambia mfagizi.

Mfagizi, mwanamke mwenye nguvu za kusukuma kabati peke yake, akabonyeza kwa moyo wote, juu kabisa ya tumbo. Hilo lilikuwa kosa la pili, na lilikuwa la Bi Rufaa, kwa sababu hakusema wapi. Bega likazidi kujibana. Mke wa seremala alipiga ukelele uliomfikisha mlinzi mpaka mlangoni, naye alipoona kinachoendelea akageuka kutazama mvua na kuanza kusali kwa sauti, akichanganya sala.

"Si hapo! Acha! Chini, chini, hapa juu ya kinena! Kwa kiganja, sukuma upande!"

Halikusogea bado. Uso wa mtoto ulikuwa umepita rangi zote za matunda. Bi Rufaa alijua limebaki jambo moja, lile ambalo Mikono alilifanya mbele yake mara moja, naye akafumba macho: kuingiza mkono nyuma ya mtoto, kuutafuta mkono wake mdogo na kuuleta mbele. Akaingiza. Hakuona kitu, alikuwa akisoma kwa vidole. Akapata mgongo, si mkono. Akapata ubavu. Vidole vyake vilibanwa mpaka vikafa ganzi na machozi yalikuwa yakimtiririka ndani ya miwani, miwani ambayo haikuanguka, uzi ulifanya kazi yake. Akapata kiwiko. Akakikunja, akakivuta kupitia kifuani.

Kitu kikalia, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa.

Wote walisikia. Hata mlinzi mlangoni alinyamaza katikati ya sala. Bi Rufaa alisimama, mkono bado uko ndani, na katika pumzi ile moja alimwona Mikono mbele ya mkutano, akaziona na glovu za stoo. Kama angeacha hapo, lingekuwa kosa lililokamilika, moja, la kusomeka vizuri. Akaendelea kuvuta.

Mkono mdogo ukatoka. Kisha bega, bega la pili, na mtoto mzima, wa kike, mzito, mlegevu kama nguo iliyotolewa kwenye beseni. Hakulia. Hakufanya chochote.

"Pampu," Bi Rufaa akasema.

Kituo kilikuwa na pampu ya kuwapulizia watoto hewa, ya mpira, yenye kikombe kidogo cha kufunika pua na mdomo. Ilikuwa mpya. Ilikuwa mpya kwa miaka mingi, ndani ya plastiki yake, ndani ya kabati la kioo lililofungwa kwa funguo, na kila wakaguzi walipokuja waliisifu kwa kukaa safi. Bi Rufaa akatoa rundo la funguo. Mtu mwenye kufuli mbili kwenye kila mlango ana funguo nyingi. Wa kwanza haukuingia. Wa pili ukaingia lakini haukuzunguka. Vidole vilikuwa havimsikii tena.

"Nipishe," mfagizi akasema, akachukua ndoo yake na kukipiga kioo.

Pumzi ya kwanza ilipita pembeni, kikombe hakikukaa. Ya pili pia. Bi Rufaa akaona kifua cha mtoto kimelala kimya, akajiambia kwa sauti, kwa ukali, "Kichwa umekikunja, mjinga we," akakinyoosha kidogo, akashikilia kidevu, akabonyeza. Kifua kikapanda. Akabonyeza tena. Kikapanda. Mama mkwe alikuwa ameacha goti na kushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili kama mtu aliye melini. Nje mvua iliendelea kunyesha, nayo haikuwa na haraka.

Kisha mtoto akakunja uso, kama aliyekumbuka tusi, na akatoa sauti. Hakikuwa kilio cha kujivunia. Kilikuwa kama cha mlango usiopakwa mafuta. Kikaja cha pili, kikubwa zaidi, na cha tatu kilichokuwa na hasira ya kweli ndani yake.

Mke wa seremala akaanza kucheka na kulia. Mlinzi alisema amina peke yake, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Bi Rufaa aliketi sakafuni, kwenye maji na vipande vya kioo.

"Nimemvunja," akasema. "Mtulinga. Kile kilicholia. Nimemvunja mfupa wa bega."

Mama mkwe akamgeukia.

"Kwani ulitaka atoke mzima, amekufa?"

Kisha akamnyooshea mkono na kumwinua, akamkung'uta vioo kwenye sketi kama mtu anayemwandaa binti kwenda shule. Bi Rufaa aliubana mkono wa mtoto kifuani, akaushikiza kwenye shati kwa pini, kama ilivyofundishwa, na alipokwisha kuifunga pini alikwenda nyuma ya jengo akatapika.

Jioni, mto ulipoanza kupungua, alikaa mezani kuandika taarifa. Mfagizi alimwambia asiandike habari ya mfupa. Nani ataona? Watoto huzaliwa na mengi. Hata kioo, tutasema ni upepo. Bi Rufaa alifikiria jambo hilo kwa uzito wote, kwa kuwa alikuwa bado ni yeye yule. Kisha akaandika: nilivuta kichwa, si sahihi. Nilielekeza tumbo libonyezwe bila kusema mahali, si sahihi. Mtulinga umevunjika wakati wa kutoa mkono. Kioo cha kabati kimevunjwa. Mtoto yuko hai.

Sentensi hiyo ya mwisho haikuwa na nafasi yake katika taarifa, akaiandika pembezoni.

Baada ya hapo alianza kusubiri, na kusubiri kulimtisha kuliko ule mchana wenyewe. Kila gari lililokata kona getini lilimsimamisha moyo. Usingizi ulimkimbia, chakula kilimwia kigumu. Mumewe alimwona akizivuta kufuli usiku na hakufanya mzaha. Aliinuka tu akazivuta pamoja naye.

Jambo moja lakini lilibadilika. Wenye uzazi mgumu waliendelea kuja, nao aliendelea kuwaandikia rufaa waliostahili, ila sasa alipanda nao gari. Alikaa nyuma, amepauka, ameshika mkono wa mgonjwa kwa nguvu kiasi kwamba mmoja alimwomba amlegezee kidogo. Mapajani aliiweka pampu, nje ya plastiki. Wapo waliojifungulia njiani, mikononi mwake. Barabara, kwa maneno mengine, ilipata mkuu wa kituo. Mlinzi akalazimika kutafuta mzaha mwingine, na mpaka leo hajapata mzuri kama ule.

Kamati ya uchunguzi ilichelewa kwa sababu za gari, kisha kwa sababu za mafuta ya gari, kisha kwa sababu za mwenyekiti. Ilipofika, uamuzi ilikuwa nao tayari mkobani: mkunga apewe onyo kali, na cheti cha Kosa Sifuri kiteremshwe ukutani kipelekwe kituo cha jirani, ambacho mwaka mzima hakikuripoti kosa hata moja. Kituo hicho kilikuwa kimefungwa kwa ukarabati wa paa.

Bi Rufaa alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, na taarifa yake ikasomwa kwa sauti. Alikuwa ameliogopa jambo hilo maisha yake yote. Alitetemeka tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Lilipokwisha alishangaa kidogo kuona bado amesimama, na kwamba mfagizi, bila kuitwa, amesimama karibu naye na ndoo.

"Unaelewa, dada," mwenyekiti akasema, kwa upole, "kosa halifutiki."

"Naelewa."

Ilibaki kuthibitisha jeraha. Mke wa seremala akaitwa, akaja amembeba binti yake kiunoni. Mtoto alikuwa amejaa mashavu, na mara tu alipofikishwa karibu na meza alimnyang'anya mwenyekiti kalamu, kwa mkono mmoja, akaibadilisha kwenda mkono wa pili, kisha akairudisha kwenye ule wa kwanza ili kuionja vizuri.

"Tuonyeshe bega lililovunjika," mwenyekiti akasema, akiinyoosha karatasi yake. Mjumbe mwingine akamwazima kalamu.

Mama akamtazama mtoto. Akapapasa bega hili, akapapasa lile, akamtazama Bi Rufaa, akarudi kwa mtoto.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Nafikiri ni hili."

Mwenyekiti akaandika: kushoto. Lilikuwa la kulia.